Lori Lililomwita Baba Mwizi

Hamtaamini, lakini naapa ilitokea, na video ninayo. Mwanamume mzima, suti ya kijivu, viatu vya kuchongoka, amesimama katikati ya barabara jua la utosini, nyuma yake lori limejaa samadi ya kuku, kashika kipaza sauti, anamwomba radhi dereva. Watu wanamtazama kwenye simu zao, wengine mpaka leo sijui wako wapi. Na bado hiyo siyo sehemu yenyewe. Sehemu yenyewe ilikuja muda mfupi baadaye, na ndiyo maana naandika, maana nyumbani kwetu hakuna anayetaka tuizungumze.

Ngojeni niwapange vizuri.

Baba yangu ni dereva wa malori. Siyo wa kubahatisha, dereva hasa. Anavua viatu kabla ya kupanda, anaendesha na soksi, anasema mguu lazima uisikie injini. Mimi tangu nipate simu, shule ikifungwa nasafiri naye, nampiga video yeye, barabara, dashibodi, kila kitu, mpaka ananiambia, "We mtoto, ipo siku utajirekodi ukipiga chafya." Lori lilikuwa la shangazi, dada yake mkubwa. Shangazi ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alianza kwa kununua magunia matupu na kuyauza, akapanda, akapanda, mpaka lori. Baba ndiye aliyeliendesha hilo lori la kwanza mpaka likachoka. Dada na mdogo wake, wamezoeana, wakitaniana hapo yadini wapakiaji wanaacha kazi kusikiliza.

Basi lori la zamani lilipochoka, shangazi akaenda kununua jipya. Kiwandani kabisa, yaani kwenye kampuni inayoyauza kwa niaba ya kiwanda. Huko ndiko tulikokutana na Laini. Jina lake silisemi, sisi tulimwita Laini kwa sababu maneno yake yanateleza. Alimpokea shangazi kwa maji baridi, akamkalisha kwenye kochi, akamfungulia brosha.

"Mama, hili lori halinywi mafuta," akamwambia. "Linanusa tu."

Shangazi akacheka. Na mimi nikacheka, nilikuwepo. Brosha imeandika kilomita nne kwa lita moja, likiwa na mzigo. Baba akaichukua, akaisoma, akauliza, "Difu yake ikoje?" Laini akamgonga begani: "Mzee, ya kisasa. Hilo niachie mimi."

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa sijui: difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kuna difu ya mlima na kuna difu ya lami. Fikiria baiskeli. Ukiweka gia ya kupandia mlima halafu ukaenda nayo barabara tambarare, miguu inazunguka kama pangaboi na hufiki. Ndivyo hivyo. Injini inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo, na dizeli inakwenda.

Lori likaja. Likapambwa maua. Likaanza kazi. Na likaanza kunywa.

Siyo kunywa mchezo. Badala ya kilomita nne, mbili na kidogo. Baba safari ya kwanza tu akamwambia shangazi, "Dada, hili gari lina kitu. Linalia muda wote kama linapanda mlima, na mimi niko tambarare." Shangazi akasema ni jipya, litazoea. Halikuzoea. Akampigia Laini simu, akaweka sauti kubwa, baba amesimama pale pale.

"Mama," Laini akasema, na ungemsikia anatabasamu, "gari haina mdomo. Mwenye mdomo ni dereva."

"Unasemaje?"

"Nasema malori hayohayo nimewauzia wengi. Kama lako linakunywa, angalia mpira wa tanki unalala wapi usiku. Madereva wananyonya mafuta, mama. Wote. Hata awe ndugu."

Baba akacheka. Alidhani ni utani. Shangazi hakucheka.

Ile kauli ikamwingia kama maji sikioni, kila akitikisa kichwa inasogea lakini haitoki. Akaanza kuuliza wapakiaji maswali. Akaanza kuingia yadini bila kubisha hodi. Halafu siku moja baba amerudi safari, jioni, yadi imejaa watu, wapakiaji, wateja, mama wa chai, shangazi akamwambia, "Leta begi."

"Begi la nini, dada?"

"Nimesema leta begi."

Akalimwaga chini. Mswaki, soksi, chupi mbili, leso ambayo mama alimfumia. Vyote kwenye vumbi. Hakuona kitu. Akachukua koti la baba, lile la kaki analoendeshea, akalileta puani, akalinusa. Mbele ya watu. Akalinusa mfuko kwa mfuko kama polisi.

"Linanuka dizeli," akasema kwa ile sauti yake ndefu. "Mwizi wangu nilikuwa nalala naye nyumba moja kumbe, tumenyonya ziwa moja."

Jamani. Dereva wa lori la dizeli, koti linuke nini? Marashi?

Baba aliokota mswaki, akaupangusa kwenye suruali, akaokota na vingine, akaweka ufunguo juu ya ngazi ya lori, akatembea mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa nimelishika begi. Simu ilikuwa mfukoni, ndiyo siku pekee sikuitoa.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu hii kazi. Dereva anaweza kugonga gari, akapata kazi. Anaweza kuchelewesha mzigo, akapata kazi. Lakini ukishaitwa mnyonya mafuta, umekwisha, maana wenye malori wote wanajuana, wana umoja wao, wanakutana, wanasengenya madereva kuliko wake wenza. Baba alikwenda kwa mmoja, akaambiwa nafasi imejaa. Kwa mwingine, vivyo hivyo. Wa tatu alimwambia wazi: "Kama kwa dada yako umeiba, kwangu utaacha usukani?"

Akaacha kutafuta. Akawa anakaa uani kwenye kigoda anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Aliifungua redio nzima akaifunga. Mama akimsemesha anaitikia, lakini kama mtu aliye chumba cha pili. Siku moja nikamwambia, "Baba, kazi itapatikana." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi sitafuti kazi. Natafuta jina langu. Lilianguka pale yadini na hakuna aliyeliokota."

Hapo ndipo mimi nilipoanza kumchukia Laini kikwelikweli. Chuki ya kulala nayo.

Huku shangazi kaajiri dereva mpya. Mafuta yaleyale, mbili na kidogo. Akamfukuza, akaleta mwingine. Yaleyale. Akapanda mwenyewe, maana leseni anayo, akaendesha yeye, akajaza yeye, akalala ndani ya kabini. Yaleyale, jamani! Akarudi yadini akakaa kwenye ngazi ya lori, mpakiaji mmoja akamwuliza, "Bosi, sasa na wewe tukukague begi?" Yule mpakiaji ana moyo, mimi ningekimbia kwanza.

Akaja kwetu. Baba alipoisikia sauti yake langoni akaingia chumbani, akafunga. Shangazi akasimama nje ya mlango wa chumba.

"Mdogo wangu."

Kimya.

"Mdogo wangu, fungua. Siyo wewe. Nimejua siyo wewe."

Sauti ya baba ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Uliponiita mwizi hukuninong'oneza mlangoni."

Basi. Shangazi akarudi uani, akakaa kwenye kile kigoda, akashika kichwa. Mama akamletea maji, hakuyanywa. Mimi nilikuwa pembeni na simu yangu, najifanya naangalia vitu vyangu, kumbe naangalia tangazo la ile kampuni. Nilikuwa nalitazama mara kwa mara ili nizidi kukasirika, sijui kama mnaielewa hiyo. Kwenye tangazo kuna dereva wao, jamaa mmoja kifua mbele, wanamwita Bingwa, anaendesha lori kama letu, rangi ileile, anatabasamu. Kamera inashuka kwenye dashibodi. Mwendo themanini. Sindano ya mizunguko ya injini imelala kwenye kijani, imetulia.

Nikasimamisha hapo. Nikaenda kwenye video zangu, nikatafuta ile ya baba tukiwa tambarare. Dashibodi. Mwendo themanini uleule. Sindano imetoka nje ya kijani, inakimbilia nyekundu, na injini unaisikia inavyolia.

"Shangazi," nikasema. "Tazama hii. Halafu tazama hii."

Akatazama. Akaninyang'anya simu, akatazama tena, na tena. Shangazi akikasirika anapiga kelele. Akikasirika sana ananyamaza. Siku hiyo alicheka. Cheko dogo la puani, mpaka mama akarudi jikoni.

Tukalipeleka lori kwa fundi. Hakuchukua muda. Akainua ekseli, akazungusha gurudumu, akahesabu mizunguko ya propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kwenye difu, akatoka chini akijifuta mikono. "Hii difu ya mlima. Hii ni ya machimboni, ya kupandisha mawe. Nani kakuuzia hii uende nayo lami?"

"Ibadilishe," nikasema.

"Usiiguse," shangazi akasema. "Iache kama ilivyo. Nina kazi nayo."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka ile kampuni ina siku ya wateja. Mahema, muziki, maputo, wenye malori wote wanaalikwa, wanakula, wanashawishiwa kununua. Shangazi akaenda kavaa nguo mpya na tabasamu jipya. Mimi nyuma na simu, laivu ya mtandaoni tayari inakimbia, nimeandika juu yake: Leo tunapima lori. Laini alipomwona akafungua mikono. "Mama yangu! Vipi, yule mwizi ulishamwondoa?"

"Nilimwondoa siku ileile," shangazi akasema. "Ulinishauri vizuri."

Nilitaka kumpiga teke shangazi. Lakini akaendelea, na mikrofoni ya jukwaani ilikuwa karibu, akaichukua tu kama anachukua glasi.

"Wenzangu wenye malori! Mimi nataka kuongeza malori mawili leo hii. Na nyinyi najua mnataka. Lakini mnanung'unika pembeni kuwa haya malori yanakunywa. Mimi nasema ni madereva. Laini amesema ni madereva. Sasa tumalize maneno. Lori langu liko nje, lina mzigo, linakwenda shamba la mteja wangu, kilomita themanini. Brosha inasema kilomita nne kwa lita. Themanini gawa kwa nne?"

"Ishirini!" watu wakaitikia.

"Dumu moja. Fundi kaitoa mipira kwenye tanki, kaiingiza kwenye dumu, dumu limefungwa nyuma ya kabini mbele ya macho yetu. Hakuna tanki la kunyonya. Dereva asiwe wangu, awe Bingwa wao. Na Laini mwenyewe akae ndani alilinde. Likifika, nanunua mawili hapohapo."

Laini alicheka, lakini cheko lilikwama katikati. "Mama, kuna haja gani, tutumie lori letu la maonyesho, lile pale..."

"La maonyesho sinalo. Ninalo hili ulilonipa."

"Suti yangu..."

"Utakaa mbele, baba, si juu ya mzigo."

Watu wakaangua kicheko. Na bosi wake, mzee mmoja mnene aliyekaa meza ya mbele, hajui kinachoendelea, akapiga makofi: "Nenda, nenda! Mwonyeshe mama!" Sijui kama nimewahi kuona mtu ananyauka akiwa amesimama. Nilimwona.

Mzigo, nimesahau kuwaambia, ulikuwa samadi ya kuku. Mbichi. Shangazi angeweza kubeba mahindi siku ile. Aliichagua mwenyewe.

Tukapanda watatu: Bingwa kwenye usukani, mimi katikati na simu, Laini dirishani. Shangazi na wenye malori wakafuata nyuma kwenye gari la abiria alilolikodi. Nyuma ya kichwa cha Laini kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna lile dumu, la plastiki nyeupe, dizeli inaonekana ndani kama chai.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kiyoyozi kinapuliza, Laini ananieleza kuhusu teknolojia. Nikamwuliza kwa upole, "Anko, na difu yake ikoje?" Akaanza kunieleza kuhusu viti.

Halafu akageuka akatazama dumu. Akageuka mbele. Akageuka tena.

"Bingwa, punguza mguu."

"Niko themanini, bosi."

"Nenda sitini."

Tukaenda sitini. Baiskeli nusura zitupite. Akageuka tena. Dumu linashuka, unaliona kwa macho. Maoni kwenye laivu yanamiminika: Muulize difu! Mwingine: Mimi nilifukuzwa kwa lori hilohilo. Mwingine tena: Na mimi, mke wangu aliondoka. Nikawa nawasomea kwa sauti, mmoja mmoja, kama dua.

"Zima kiyoyozi," Laini akasema.

Bingwa akazima. Kabini ikawa tanuri. Jasho likaanza kumtiririka Laini kutoka kwenye nywele mpaka kwenye tai. Alivumilia, lazima niseme ukweli, alivumilia. Mwishowe akashusha kioo.

Jamani, ile harufu! Iliingia kama mgeni aliyekaribishwa. Laini akafunga kioo. Akapungukiwa na pumzi, akafungua. Akafunga. Mimi nilikuwa nimejipaka dawa ya kifua chini ya pua tangu asubuhi, shangazi alinipa.

"Mteremko! Weka nyutro, liteleze lenyewe!"

"Bosi, na mzigo wote huu? Tutakufa."

"Nimesema..."

Bingwa hakuweka. Tulipanda kilima kidogo, tukashuka, tukapita kibao cha kilomita arobaini, na mbele kidogo lori likakohoa. Likakohoa tena. Likatulia kabisa, tukawa tunasikia magurudumu tu yakipunguza, mpaka likasimama. Pande zote nyasi fupi, hakuna mti, hakuna duka. Nzi wakatufikia kabla ya shangazi.

Na hapa sasa sikilizeni. Kitu cha kwanza kabisa kilichomtoka Laini mdomoni, simu yangu ikimtazama, alimgeukia Bingwa akasema, "Umefanya nini?"

Bingwa akageuza shingo polepole. "Mimi?"

"Mafuta yamekwenda wapi?"

"Nimeyanyonya nikiwa nimeshika usukani? Kwa mdomo upi, bosi?" Sasa kawaka. "Miaka yote natabasamu kwenye matangazo yenu, leo na mimi mwizi? Haya, na tuseme. We binti, unarekodi? Rekodi. Lile la tangazo lina difu ya lami. Haya yenye difu ya mlima aliyaagiza mwenye machimbo, akayakataa, yakalala uwanjani kwetu mpaka majani yakaota. Huyu hapa ndiye aliyesema yapewe brosha ya lile lingine, yauzwe. Nilikuwepo chumbani."

"Bingwa..."

"Usiniite Bingwa. Niite mwizi kama wenzangu."

Shangazi akafika. Wenye malori wakashuka mmoja mmoja, wameshayasikia yote kwenye simu zao, nyuso zimebadilika. Nao walifukuza madereva wao, kila mmoja. Mmoja alikuwa anajipiga paji la uso taratibu na kiganja. Mwingine akamfuata Laini mpaka puani: "Dereva wangu nilimweka ndani kwa ajili yako. Rumande! Ana watoto!" Shangazi akamzuia kwa mkono. Alikuwa na kile kipaza sauti wanachouzia nyanya sokoni, cha kushika mkononi.

"Mama," Laini akasema, tai imekaa upande, nzi kwenye kola, "nipatie mafuta kidogo tu, twende tukaongee ofisini."

"Mafuta yako njiani, fundi kanipigia," shangazi akasema. "Yanakuja na mwizi."

Na kweli. Tulikaa juani karibu saa nzima, ndipo kwa mbali ikatokea pikipiki, fundi anaendesha, nyuma amekaa baba, dumu limebanwa katikati yao. Baadaye mama aliniambia kuwa baba alikuwa uani anaitazama laivu kwa simu yake, kimya, mpaka Bingwa aliposema ile "kwa mdomo upi." Akasimama, akavaa lile koti la kaki, akasema, "Fundi yuko wapi?"

Alishuka na dumu lake, akasimama. Hakumsalimu mtu. Shangazi akamtia Laini kipaza sauti mkononi.

"Sema."

Akasema. Mwanzo alijaribu kuteleza, eti kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano, wenye malori wakapiga kelele, akaanza upya. Akasema brosha siyo ya haya malori. Akasema alijua. Akasema madereva hawakunyonya kitu, na huyu mzee hapa hakunyonya kitu, na anamwomba radhi. Sauti ya kile kipaza sauti inakwaruza, inafika mpaka kwenye nyasi. Akapiga chafya katikati kwa ile harufu. Mimi namsogezea simu mpaka nione matundu ya pua. Nilikuwa na furaha, siwafichi. Nilitaka aseme tena, nilitaka apige magoti, nilitaka hivyo viatu vya kuchongoka avivue akanyage lami ya moto na soksi kama baba.

Shangazi akakunja mikono, ameridhika kama mtu aliyeshiba. "Haya, mdogo wangu. Umesafishwa. Tia mafuta twende."

Baba hakusogea.

"Bado mmoja," akasema.

"Mmoja nani? Bosi wake? Tutamfuata hukohuko."

"Dada." Sauti ya chini, tukanyamaza wote kumsikia. "Laini alisema neno moja kwenye simu. Simjui, hanijui. Hajawahi kulala nyumba moja na mimi. Laini hakumwaga begi langu. Laini hakulinusa koti langu."

Shangazi akaikunjua mikono.

"Nimekosa, mdogo wangu, si nilikuja mpaka nyumbani? Si nilikwambia mlangoni?"

"Mlangoni."

"Sasa unataka nini? Hapa? Mbele ya wenzangu wa umoja? Mimi ni mwenyekiti wao! Mbele ya..." akaitazama simu yangu, "mbele ya dunia nzima?"

"Pale yadini tulikuwa wangapi? Mama wa chai alikuwepo. Mtoto wangu alikuwepo, kashika begi." Halafu akanigeukia mimi. "Mwanangu, mwache huyo jamaa. Geuza simu kwa shangazi yako."

Simu ilikuwa bado kwa Laini, naye hata yeye amesahau matatizo yake, anatazama. Shangazi akanitikisia kichwa, kidogo sana, mimi tu niliona. Macho yake hayakuwa ya mwenyekiti. Yalikuwa ya shangazi aliyenifundisha kusuka, aliyelala na mimi hospitali nilipovunjika mkono. Akasema kwa midomo bila sauti, "Usifanye."

Nikamtazama baba. Alikuwa kashika lile dumu bado, hajaliweka chini, mishipa ya mkono imetoka.

Nikageuza simu.

Nzi wakamzunguka shangazi, na watu waliokuwa wakiandika kwenye laivu wakaacha kuandika. Halafu akakichukua kipaza sauti kutoka kwa Laini, na ile sauti yake ndefu ikatoka fupi. "Huyu ni mdogo wangu. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Hakuiba. Nilimwamini muuzaji nikamwacha ndugu yangu." Akataka kuongeza kitu, hakuweza. Akampa mtu kipaza sauti bila kumtazama, akaenda akapanda lile gari la abiria, akakaa kiti cha mwisho.

Baba akatia mafuta. Akavua viatu. Akaupeleka mzigo shambani, maana mzigo ni mzigo, akamrudishia fundi ufunguo, na lori la shangazi hajaligusa tena. Simu zilianza kuita siku ileile, sasa anaendesha la yule aliyekuwa anajipiga paji la uso. Kampuni inabadilisha difu za malori yote bure, Laini sijui aliko na sitaki kujua. Baba anacheka tena mezani, redio imepona.

Ila shangazi akipita kwetu anapita kama nyumba haipo. Nikimsalimia anaitikia ukuta. Mama anasema ningejifanya simu imezimika, chaji imekwisha, nani angejua, wale ndugu wawili wangeyamaliza wenyewe polepole. Baba hasemi kitu, lakini jana nilimkuta uani anaitazama video, siyo ya Laini, ile nyingine, na nilipokaribia akaifunga.

Mimi mpaka sasa naona nilifanya sawa. Nadhani. Haya, niambieni nyinyi, na msinidanganye: baba yako anakwambia geuza, shangazi yako anakutikisia kichwa, simu iko mkononi mwako. Ungegeuza?